Dirisha la Tofali

Ijumaa, 7 Novemba 2025, Riyadh
Bahati yangu haina mshindani! Madereva wengine wa Riyadh wanaendesha magari – mimi najenga Wales. Bosi anajengea wageni wake nyumba ya mapumziko huku jangwani, mfano wa hoteli moja ya mashambani Wales, ya enzi za kina King George. Kanifanya msimamizi kwa sababu, nilivyomwambia, mimi pekee nimewahi kulala mle. Kitanda laini, mvua dirishani, supu! Hii ikimpendeza, ananipeleka Jeddah kusimamia ya pili. Jeddah! Mke wangu Damaris ni hausigeli huko, na miaka miwili namwona kwa simu tu.

Jumapili, 9 Novemba
Uso wa nyumba unanoga. Mlango katikati kabisa, nguzo mbili, madirisha huku na huku sawasawa. Vioo vidogo vidogo. Dirisha unalisukuma juu, halifunguki kama mlango. Elphas, fundi wetu wa Kakamega, ananicheka eti msimamizi gani hajui hata kushika pima maji. Wivu.

Jumanne, 11 Novemba
Balaa! Madam, mke wa bosi, amekuja kukagua. Dirisha la chini, kushoto, linatazama ndani ya sebule ya wanawake – wanaume wakinywa kahawa barazani wataona kila kitu. Litolewe! Bosi naye: mafi, hakuna kutoa, likitoka nyumba itakuwa chongo. Wamezozana mpaka bosi akasema halas, basi, kazi isimame. Jeddah yangu hiyoo, inaenda.

Jumatano, 12 Novemba
Nimeikodolea macho picha ya hoteli. Kumbe! Dirisha moja halina kioo. Matofali matupu ndani ya fremu, yamepakwa rangi yafanane na madirisha mengine. Sisi wote tulidhani ni kivuli. Nikamkimbilia bosi: hata wenyewe waliziba moja!
"Una hakika?"
"Wallahi, bosi! Nililala nyuma yake. Giza totoro!"
Madam kacheka mpaka kashika ukuta. Elphas kaziba. Uso umebaki kamili, wanawake wamesitirika, na mimi nimeletewa sinia nzima ya kabsa, wali na nyama. Elphas kala nusu, kisha kanikumbusha kuwa pima maji bado sijui.

Ijumaa, 28 Novemba, Jeddah
Sharafiya, mtaa wetu wageni! Damaris kapewa off. Kanizunguka mara mbili kama anayenunua ng'ombe: "Baba Charity, umenona! Usimamizi ni kula tu?" Tumecheka, tumeagiza kuku mzima.
Halafu simu. Bosi. Kesho saitini kuna mgeni – mwenye ile hoteli, katoka Wales. Ana hamu ya kumwona Mkenya aliyelala kwake, wakumbushane.
Damaris kaacha kutafuna: "Si ulisema ulilala kwake? Mbona jasho?"
Nimesema naenda kunawa. Naandika chooni, kuna mtu anagonga.
Sijawahi kufika Wales. Sijui hata iko upande gani.