Jina la Baba Katika Kitabu cha Arua

Arua, mlimani kwenye ofisi

Dada Zaitun wa Midia,

Salaam nyingi kama vumbi la njia ya Koboko. Kifua cha Mama kimepoa? Na Baba, bado analima lile shamba la bondeni? Nina sababu ya kuuliza. Mimi mzima, nimenenepa, na wasichana wa hapa wananiita karani ingawa nilitoroka darasa la tano.

Kazi yenyewe ni hii. Karani mkubwa ananisomea majina ya kitabu cha kodi cha Koboko, mimi nayatafuta katika kitabu cha Arua. Aliyehama tunamwandika, pamoja na mali aliyohama nayo, maana wakubwa wanataka kujua watu na utajiri wao wanakimbilia wapi. Ijumaa orodha inakwenda kwa chifu wetu wa Midia. Aliyehama, shamba lake anapewa mwingine.

Dada, Jumatatu nikakuta: Rajabu Marajani, mkazi wa Arua, nyumba ya mabati, baisikeli mbili, cherehani.

Baba yetu wa nyumba ya nyasi na jembe! Nikasema moyoni, mzee huyu anayekuja kila siku ya soko kuuza tumbaku ana mke huku, na mke huyo anashona. Siku ya soko nikamfuata nyuma. Akauza tumbaku, akanywa chai, akanunua chumvi. Alipoinama kwa muuza vitambaa nikajua leo nimemshika. Kumbe anamchagulia Mama leso.

"We Kasimu," akasema bila kugeuka, "unatembea nyuma yangu kama mwizi ya kuku. Iko nini?"

Nikasema natafuta choo.

Bado sikumwamini. Jana nikamwuliza karani nani alileta habari za jina lile. Akafunua ukurasa, akacheka. "Hii iko nyumba ya Mama Hawa, kule unalala. Mutoto moja alikuwa mlangoni. Alisema yeye iko mdogo, kodi hapana, nyumba iko ya baba yake."

Dada, mtoto huyo ni mimi. Kijana mkubwa hulipa kodi, mtoto halipi. Basi walipokuja wale wa kukadiria kodi nikajifanya mtoto. Wakauliza baba ana nini. Ningetaja nyasi mbele ya watu wenye viatu? Nikampa cherehani ya Mama Hawa na baisikeli za wapangaji.

Karani akanitazama kidevu. "Na hii ndevu ilianza lini?" Nikainama nikaandika.

Kesho, kabla orodha haijafungwa, nitamwambia afute jina la Baba aandike langu, ninunue tikiti yangu ya kwanza ya kodi. Kwa hiyo kitenge nilichokuahidi usikingoje, fedha yake inakwenda kwenye kodi. Lakini karani huyu simwamini, anacheka mno. Baba aifunge tikiti yake ya Midia kiunoni, na asitoke bondeni hata akiitwa chai. Mtu akija na kamba ya kupimia, mkalishe Bibi juu ya mihogo, tuone nani atamwinua.

Habari ya mke usimsomee Baba. Msalimie Mama, na shangazi wa Kuluba aliyesema sitakuwa mtu: mwambie sasa nimeandikwa.

Ni mimi mdogo wako,
Kasimu Rajabu, mlipa kodi, mkazi wa Arua. Baisikeli: hana.