Ripoti ya Mashudu

Chitete,
Wilaya ya Momba,
Songwe.
14 Juni, 2025

Mpendwa mdogo wangu Osward,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe, wifi yangu Brenda na watoto. Je, kifua chako kimetulia? Sisi tu wazima. Goti langu linalalamika, lakini linatembea.

Ulinipigia simu ukaniomba nilainishe ripoti ya kikundi chetu cha alizeti, nisije nikagombana na mwenyekiti, Danford, na kuupoteza ukatibu. Nimeutafakari ushauri wako, nami naukataa.

Kikundi kinaomba kwa wafadhili, kupitia halmashauri, mashine ya pili ya kukamua mafuta, ilhali ya kwanza inakaa bila kazi. Danford alitaka niandike kwamba wakulima hawana elimu, ndiyo maana wanapeleka alizeti yao Tunduma. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia hivyo. Ripoti huanza na swali, Osward, na swali hutafutiwa jibu kwa miguu.

Basi nikapita nyumba kwa nyumba. Jenista, mwanachama mwenzetu niliyemfundisha zamani shuleni, hata hakuusimamisha mchi wake.

"Mwalimu, mafuta nala mimi, mashudu wanakula nguruwe wangu. Mashine yenu inabaki na mashudu. Sasa nguruwe niwape ripoti?"

Karibu kila nyumba ilinipa neno hilohilo: Tunduma mkulima hurudishiwa mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, kwetu harudishiwi. Nililiandika ukurasa wa kwanza, na chini yake pendekezo: mkulima arudishiwe mashudu yake kwanza, habari za mashine ya pili zije baadaye.

Danford aliisoma akiwa amesimama. "Mwalimu, wafadhili hawataki habari za nguruwe. Badilisha, la sivyo tutatafuta katibu mwingine."

"Anza kumtafuta leo," nikamjibu.

Juzi niliipeleka halmashauri ikiwa na saini yangu peke yake. Jana Danford na wenzake wakaja kuchukua mhuri wa katibu, nikawakabidhi. Leo asubuhi nimebandika nakala mlangoni pa mashine. Wanachama wamejaa pale, Jenista anawasomea kwa sauti, na Danford hajathubutu kuibandua.

Kwa hiyo usinipigie simu kunipa pole.

Nisalimie Brenda, wanao, na shangazi Sekela ukimwona. Mume wangu Timotheo anawasalimu. Mungu awatangulie katika kila mlango mnaoingia.

Wako akupendaye, hata ninapokukatalia,
Dada yako,
Nesta