Weupe Katika Jicho la Ndama

Garsen, Jumanne, 14 Mei 1957

Kumbe jicho huanza na ukungu. Leo Godana mchinjaji alimpasua ng'ombe akakuta ana mimba, akaniita, maana anajua ninavyopenda kusoma mambo ya mwili. "Njoo, daktari wa bure, huyu mgonjwa hatalalamika."

Kope za kile kijusi zilikuwa zimegandana. Nilizitenganisha kwa wembe. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ilikuwa nyeupe kama maji ya mchele. Kitabu alichoniazima dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, kinasema hata sisi binadamu ni hivyo: ngozi ya mbele ya jicho hutakata pole pole tumboni mpaka ipitishe mwanga.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na jicho jeupe. Mama anamlaumu mke wangu Hawa, eti alimtazama mamba akiwa mjamzito. Sasa Hawa ana mimba nyingine, ya miezi minne, na amekatazwa kwenda mtoni. Nikamweleza mama habari ya ndama. Akanisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na huyo ng'ombe alimtazama mamba gani?"

Hawa alicheka mpaka akashika tumbo. Hajacheka hivyo tangu mtoto yule azaliwe.

Kesho nitakwenda naye mtoni, mama anune apendavyo. Lakini jicho la yule wa kwanza lilikwama wapi njiani kabla halijatakata? Kitabu hakisemi, na ninaomba Hawa asiniulize.