Gia Inayoruka Meno

Ijumaa, Manga

Imeruka tena. Nimebadilisha gia ili kilori changu cha kuchezea chenye mota, cha matofali ya plastiki, kipate nguvu ya kupanda ubao. Nilipokipakia mawe, meno yakaachana: ka-ka-ka.

Sauti hiyo naijua. Iko kwenye pikapu ya mume wangu tangu Jumatatu. Nikamfuata uani.

"Ni giaboksi, Baba Kwamboka. Ifungue."

Akatazama mlimani. "Jua limetua. Sabato imeingia. Tutaifungua Jumapili."

Alipokuwa Mkatoliki, mimi ndiye niliyemfundisha kuishika Sabato.

Kilori nimekitoa betri. Kesho asubuhi pikapu inashusha kwaya ya kanisa mteremko wote, gia ndiyo ikiizuia isikimbie. Mimi hukaa mbele katikati, Kwamboka mapajani, giaboksi chini ya miguu yetu.