Mkwe Aliyetibu Bila Kuangalia

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie upesi kwa sababu tangu juzi sikai, sisimami, naosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Mume wangu Walter ni afisa wa kliniki na ana zahanati yake hapa Otonglo, Kisumu, na mama yangu alipoanza kuumwa titi mwaka jana alikuja kwake, maana nani atakutibu vizuri kuliko mkweo, lakini unatujua sisi Wajaluo, mkwe hawezi kuona mwili wa mama mkwe, kwa hivyo Mama alikaa nyuma ya pazia akasema, "Ora," ndivyo anavyomwita mkwe wake, "hapa kwa titi kuna kitu imefura," na Walter akajibu kutoka upande wa pili, "Hiyo ni jipu tu, Mama, nitakupatia dawa," na ikawa hivyo kila alipokuja, dawa juu ya dawa, wala hakumwita mtu mwingine amwangalie.

Juzi mimi na kaka yangu Oluoch tulimpeleka hospitali kubwa mjini na daktari akatuita pembeni akasema ni saratani, imefika kwapani, na ingegunduliwa mapema ingetibika kwa urahisi zaidi. Oluoch anataka kumshtaki Walter kwa baraza linalowapa maafisa wa kliniki leseni, na Walter naye ananiambia, "Mama Byron, wewe sema tu Mama alikataa kuguswa, si unajua hii kliniki ndiyo inatulisha?" Mama hakukataa, hakuna aliyemuuliza. Nampenda mume wangu, Mshauri, na najua alifanya kwa heshima, lakini Mama ananiuliza kama jipu lake limekomaa nami namjibu bado kidogo. Oluoch anakuja Jumapili kusikia niko upande gani. Nifanye nini?

Debra, Otonglo

Debra, pole sana. Weka hivyo vyombo chini kwanza.

Usidanganye. Ukisema mama yako alikataa, umemtwika mgonjwa kosa la aliyemtibu. Walter hakukosea kumheshimu mkwewe, alikosea kumpokea mgonjwa asiyeweza kumpima. Heshima ingemtuma aseme, "Mama, mimi siwezi kukuangalia, nenda kwa mwenzangu," na Kisumu hii wenzake wamejaa! Badala yake akatoa dawa kwa kubahatisha. Mwambie aende mwenyewe kwa baraza aeleze kabla hajaitwa. Kliniki inawalisha, sawa, lakini hata kesho ataingia mgonjwa mwingine pale.

Matibabu yatangulie kesi, hilo Oluoch alisikie. Kisha ombeni kwa maandishi nakala ya rekodi za mama yenu, ni haki yake kuzipata, na Walter asibadilishe hata nukta. Mkitaka fidia, mwoneni wakili mapema, kwa sababu sheria ina muda wake na haimngojei mtu.

Sasa nikukaripie. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali mlipomwambia mama yako anaumwa nini, sijapaona. Oluoch anataka kushtaki, Walter anataka kujificha, wewe unatafuta pa kusimama, na mwenye titi anangoja jipu likomae! Mwili ni wake, na malalamiko ni yake kuyapeleka au kuyaacha.

Usingoje Jumapili. Walter hakumwangalia kwa sababu ni mama mkwe wake. Wewe ni mtoto wake wa kumzaa, una sababu gani? Nenda leo, kaa naye, umtazame usoni, umwambie.