Kitasa cha Marko

Hannover, 4 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti yamepata nafuu kwa ile dawa ya kuchua. Mimi sijambo. Baridi ya huku imenipasua midomo, lakini kazi ya uuguzi inaendelea.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu huiamini, na safari hii naona heri, maana haya si ya kusomewa na mtu mwingine.

Mwezi wa kumi nilikwenda kwenye ule mji mdogo ambako Baba Mkubwa Marko alisomea useremala. Nilitaka tu kupiga picha ya karakana nikuletee. Karakana ipo, na binti wa fundi aliyemfundisha bado yupo, bibi mzee sasa. Nilipomwambia mimi ni wa ukoo wa Marko wa Tabora, alinishika mikono, akanieleza jambo. Nikaenda kuuliza mahakamani, nikangoja mpaka juzi, nao wamethibitisha.

Shangazi, Baba Mkubwa hakuiba. Mwaka 1966 alifungwa miezi tisa kwa sababu alipendana na mwanamume mwenzake, mtoto wa mwoka mikate. Wakati ule sheria ya hapa ilikataza. Walipomwachia walimrudisha nyumbani, na ile habari ya wizi aliitunga mwenyewe.

Sheria hiyo ilishaondolewa. Mwaka 2017 bunge la hapa likazifuta hukumu zote za namna ile, hata za waliokwisha kufa, na ndugu akiomba anapewa cheti. Mimi siruhusiwi kuomba. Kwa marehemu anaomba mke, mzazi, mtoto, au ndugu wa kuzaliwa naye, na baada ya Baba kufariki umebaki wewe. Fomu nimeiweka humu, na pa kutia sahihi nimepawekea alama. Hakuna pesa inayotoka wala inayoingia.

Nakuomba, Shangazi. Amelala pale miaka yote hii na jina la mwizi.

Mwanao,
Kalunde


Cheyo, Tabora, 19 Machi 2024

Kwako unayejiita Kalunde,

Salamu. Shikamoo yako nimeiweka pembeni, nitaipokea nikishajua imetoka kwa nani. Afya yangu vilevile.

Bahasha imefika ikiwa na gundi ya rangi mbili. Ama wewe una gundi mbili, ama kuna mtu ameisoma kabla yangu. Ndani nimekuta fomu ya lugha nisiyoijua, na alama ya kalamu inayonionyesha pa kuweka jina langu. Halafu mtu huyohuyo ananiambia hakuna pesa wakati sijamuuliza habari ya pesa. Nimeishi vya kutosha kujua huyo ndiye wa kuogopwa. Hati za nyumba hii zipo mahali pake na hazihitaji kwenda Ulaya.

Kama kweli wewe ni Kalunde, nijibu: ulipokuwa na miaka minne, ni mnyama gani wa jirani aliyekung'ata sikio?

Na kama kweli ni wewe, basi nisikilize. Marko mwenyewe alisimama sebuleni mbele ya baba yetu akasema, "Nimeiba, wamenifunga, nimerudi." Hakuna aliyemlazimisha. Baba hakumrudishia heshima mpaka anakufa. Kanisani hakushika ufunguo wala kapu la sadaka. Mimi nilipoolewa na kupata kabati la vyombo, nilimwita yeye, fundi wetu, aniwekee kitasa. Alijua kinamhusu nani. Alikiweka siku hiyohiyo, akakijaribu, akanipa funguo zote mbili mkononi, akanywa maji akaondoka. Tangu siku hiyo hakijapotea hata kijiko katika nyumba hii. Unaona mwenyewe faida ya kufunga.

Sasa unataka nitie sahihi kwamba kaka yangu alikuwa hivyo ulivyoandika. Huko kwenu wamefuta, hapa jambo hilo bado ni kesi, na midomo ya watu ni mibaya kuliko kesi. Mwizi tulishamzoea. Na hao wanaomsamehe leo, wanamsamehe mtu ambaye hayupo kusema kama naye amewasamehe.

Nyamizi
(Shangazi wa Kalunde, kama Kalunde ni wewe)


Hannover, 21 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo tena. Nilicheka mpaka mgonjwa wangu akaniuliza kulikoni. Alikuwa bata wa Mama Gaudensia, na hakuning'ata sikio, aliniuma kidole. Umenitegea. Gundi ya pili ni yangu, ya kwanza ilikuwa haishiki.

Baada ya kucheka nililia. Sikujua habari ya kitasa. Ninachokumbuka ni kwamba Baba Mkubwa akija kwako alikuwa anakaa kwenye benchi la barazani, mikono yote miwili juu ya magoti. Ukimkaribisha ndani anasema hapa panatosha. Nilidhani anapenda upepo. Sasa nafikiri alikuwa anataka mikono yake ionekane.

Yule bibi alinieleza kwamba kijana wa mwoka mikate alikuwa anakuja karakana jioni kuomba vumbi la mbao la kuwashia tanuri, akakaa kuliko vumbi lilivyohitaji. Jirani akapeleka maneno polisi. Baba yake yule bibi alisimama mahakamani akasema Marko ni fundi mwaminifu, mwenye ufunguo wa karakana tangu mwezi wake wa pili pale. Hayo hayakuulizwa. Walifungwa wote wawili. Yule kijana alipotoka alihama, na hakuna aliyemwona tena.

Ulisema hakuna aliyemlazimisha Baba Mkubwa. Ni kweli. Lakini fikiria yuko melini anarudi, anajua ataulizwa. Mwizi akitubu anapokelewa, ananyooshewa kidole lakini anakaa mezani. Huyu mwingine angekaa wapi? Nadhani alichagua aibu ambayo angeweza kuishi nayo jirani na ninyi.

Mwanao,
Kalunde


Cheyo, Tabora, 30 Juni 2024

Mwanangu Kalunde,

Marahaba. Sasa nazipokea shikamoo zako zote mbili kwa pamoja. Bata ni sahihi. Magoti ni yaleyale, na presha imepanda kwa sababu yako.

Sikukuamini, wala sikutaka kukaa bila kujua. Nilikwenda Kanyenye kwa Mzee Yahaya, yule wa duka la mbao ambaye Marko alimfanyia kazi mpaka alipougua. Nilivaa kama ninakwenda msibani ili nisiulizwe ninakokwenda. Mzee yupo, macho hayaoni vizuri lakini masikio anayo. Nilimuuliza moja kwa moja, "Kaka yangu alikuwa nani kwako?"

Akasema, "Fundi wangu. Wewe ulitaka awe nani?"

Nilishakwenda na jibu langu kichwani, nikajiona mjinga.

Kisha akanieleza. Siku ya kwanza Marko alimwambia mapema, "Nilifungwa Ulaya kwa wizi, usije ukasikia kwa wengine." Mzee akasema sawa. Ila hakulala. Akaanza kumtega: anaacha misumari ya shaba mezani, anaacha droo wazi, anajifanya ameenda kuswali anarudi kwa mlango wa nyuma. Alinichekesha, maana mimi na yeye tungefanya biashara moja. Mwishowe akachoka. Akaniambia, "Bibi, hii ni njia ya misafara ya zamani, babu zangu waliwalisha wezi wa kila kabila. Mwizi namjua kwa anavyotazama kitu cha mtu. Yule alikuwa hatazami. Nikajua anajisingizia." Akampa ufunguo wa duka, naye akakaa nao mpaka mwisho.

Nikamuuliza mbona hakutuambia. Akasema, "Angetaka mjue, angewaambia. Na ninyi mbona hamkuniuliza?"

Nimerudi na maneno hayo nikashindwa kula. Mtu baki alimjua kwa kumtega. Mimi wa tumbo moja sikufika hata hapo, nilianza na kitasa.

Sasa sikia shauri langu. Waambie waandike cheti kinachosema Marko hakuwa mwizi. Basi. Hilo lingine waliache. Hicho nitakitia sahihi hata leo, na nitakisomesha kanisani.

Shangazi yako,
Nyamizi


Hannover, 28 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa presha, tafadhali usiache vidonge.

Nimeuliza ingawa jibu nilikuwa nalijua. Hawawezi. Hawakumshtaki kwa wizi, hivyo hawana wizi wa kumfutia. Wanachoweza kufuta ni kile walichomfungia tu, na cheti kitakitaja.

Ule wizi uko kwetu, Shangazi. Hakuna mahakama iliyomhukumu nao ila sebule ya Babu, kanisa na sisi. Nami sikulaumu wala sikulazimishi. Wewe ndiye unayeishi hapo, wewe ndiye utakayetazamwa. Ukinyamaza nitaelewa.

Mwanao,
Kalunde


Hannover, 9 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Ulinyamaza miezi mingi nami nikaelewa, kama nilivyoahidi, ingawa nilikuwa naamka naangalia sanduku la barua kabla ya chai. Mwezi wa kumi na moja ikaja bahasha yenye gundi kila upande, nikatumia kisu. Ndani mlikuwa na fomu na sahihi yako, umeikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Hakuna neno jingine. Nikaituma siku hiyohiyo.

Cheti kimetoka. Nakuwekea cha kwako na tafsiri yake niliyoiandika kwa mkono. Kinasema hukumu ya mwaka 1966 juu ya Marko imefutwa, na kwamba haikuwa halali kumwadhibu kwa jambo lile. Nilikisoma kwenye ngazi za jengo, nikashindwa kushuka.

Yule bibi nilimpelekea nakala. Ameniuliza kaburi likoje. Sikumwambia kwamba ni tuta la udongo.

Mwanao,
Kalunde


Cheyo, Tabora, 17 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako ilifika ikiwa haijaguswa, nimeikagua kwenye mwanga.

Kaburi si tuta tena. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu tumelijengea. Niliwaita wa ukoo na wazee wa kanisa, wakadhani nimepata wazimu wa uzee, maana miaka kumi na minne hakuna aliyenisikia nikilitaja. Mzee Yahaya aliletwa kwa bajaji, akakaa kwenye kiti pembeni, kofia yake ya kuswalia kichwani, wala hakuna aliyemuuliza amefuata nini.

Wakati wa maziko ya Marko wasifu ulisomwa ukaruka Ujerumani yote, unakumbuka. Safari hii niliomba nisome mimi. Nilisoma alikozaliwa, nikasoma ufundi wake, halafu nikasema, "Marko hakuwa mwizi. Hakuwahi kuiba kwa mtu yeyote, huko wala hapa. Wizi alijisingizia, na sisi tukaupokea bila kuuliza."

Mzee Benjamini, unamjua, yule asiyeweza kuacha jambo lipite, akauliza mbele ya watu, "Basi alifungwa kwa nini?"

Cheti kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilikuwa nimeapa sitakitoa, na sikukitoa. Nilimwambia, "Waliomfunga wenyewe wameandika na kupiga muhuri kwamba halikuwa kosa. Wewe wa hapa Cheyo unataka kumfunga upya?"

Akakaa. Lakini nilimwona anapiga hesabu, na si yeye peke yake. Usidhani watu ni wajinga. Jumapili iliyofuata alinipa mkono wa haraka kama sufuria ya moto, na kina mama wa umoja wa kanisa wameniambia kwa upole kwamba umri umekwenda, nipumzike uenyekiti. Nimepumzika. Imeniuma, sitakudanganya. Nimekaa na wale wanawake tangu tukiwa wasichana. Huenda wawili watatu watarudi. Nitawaangalia kwa jicho langu hili.

Kuhusu kabati. Nilimwita fundi akitoe kitasa. Alihangaika na bisibisi, mwisho akasema aliyekiweka alikichimbia ndani ya mbao kwa kipimo chake, kikitoka mlango utapasuka. Nikamwambia akiache. Kaka yangu alikuwa anafanya kazi ya kweli hata ile ya kumfungia nje yeye mwenyewe. Sasa ufunguo mmoja unakaa palepale kwenye tundu, anayetaka sukari afungue.

Ule wa pili nilikwenda nao makaburini. Watu walipoanza kutawanyika saruji ikiwa bado mbichi, niliinama nikaukandamiza pale upande wa kichwa mpaka ukazama. Fundi wa saruji aliona, akadhani umeniponyoka, akataka kuuchokoa kwa mwiko wake. Nikamwambia auache, una mwenyewe.

Shangazi yako,
Nyamizi