Nati Sita za Baba

Jumamosi, Malindi

Elfu sitini na mbili! Bado bei ile yanikera. Ndiyo waliyonitajia mawakala wa magari wa Mombasa kwa sevisi ya kawaida tu ya gari aliloniachia baba: mafuta ya injini, filta na plagi. Eti gari la mbio lenye turbo si la mafundi wa vichochoroni. Walilikagua, mimi wakanikalisha nyuma ya kioo na kikombe cha kahawa, kama mgeni wa gari langu mwenyewe. Nikaondoka nalo.

Leo nimempelekea Fundi Shebe, anayelitengeneza tangu baba yu hai.

"Elfu ishirini na tatu, mwanangu. Mafuta kanunue mwenyewe, uje uufungue mkebe mbele yangu."

Ndivyo alivyokuwa akimwambia baba, asije akalaumiwa kwa mafuta ya bandia.

Nilinunua, lakini nakiri niliogopa. Turbo ikiungua kwa mafuta mabaya sina uwezo wa kununua nyingine, na gari la baba litakuwa limefia mikononi mwangu.

Kisha fundi akaingia chini ya gari, akaanza kufungua bamba la kukingia injini, na akaunyosha mkono nje. Nikakinga kiganja. Nati sita, zingali na joto. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu nikiwa na miaka tisa, na baba akinitisha: "Ikipotea hata moja, twarudi nyumbani kwa miguu."

Zote sita zimerudi mahali pake. Nimeoga mara mbili na viganja bado vyanuka mafuta. Navinuke.